Bajeti ya Ua wa Mama

Ninafundisha fedha za umma chuo kikuu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwatania wanafunzi wangu kwamba mtu asiyeweza kutengeneza bajeti ya nyumba yake asithubutu kuichambua bajeti ya Serikali. Ni utani ambao sitaurudia tena. Mwanzoni mwa mwaka 2024 nilitengeneza bajeti ya kutandaza vitofali katika ua wa nyumba ya mama yangu mjini Muheza. Niliiandaa kwa utaratibu wote ninaoufundisha, nikaipunguza mpaka ikalingana na ukomo, nikaisimamia kwa simu nikiwa Dar es Salaam. Ilipofika Aprili, bajeti ile iliingia chumbani kwa jirani usiku wa manane na kumlowesha akiwa amelala.

Niwaeleze kwanza sababu ya kazi yenyewe. Vuli ya mwaka 2023 ilikuja na El Niño, kama Mamlaka ya Hali ya Hewa ilivyokuwa imetahadharisha. Nyumba yetu ni ya muundo wa kawaida wa miji ya pwani: baraza mbele, ukumbi katikati wenye vyumba kushoto na kulia, kisha ua wa nyuma wenye jiko, bafu na choo. Kutoka mlango wa nyuma hadi chooni ni hatua 16, na zote zilikuwa za udongo mwekundu ambao ukinyeshewa huwa kama umepakwa sabuni. Alfajiri moja ya Novemba mama, ambaye alikuwa na umri wa miaka 74, aliteleza akienda kutawadha, akaumia nyonga. Alitibiwa, akapata nafuu kwa kiasi chake, akarudi nyumbani na fremu ya chuma ya kutembelea. Fremu ile ina miguu minne, na kila mguu ulizama kivyake katika udongo ule.

Kwa hiyo haikuwa kazi ya urembo, ingawa mama aliomba pia kibaraza cha kukalia kando ya jiko, mahali pa kuchambulia mchicha na kupokea wageni wa jioni. Tulikubaliana sisi watoto watatu katika kundi letu la WhatsApp. Mimi niliahidi shilingi 2,000,000, dada yetu aliyeko Morogoro shilingi 1,000,000, na mdogo wetu, ambaye anaendesha bodaboda palepale Muheza na ndiye anayemwona mama kila siku, shilingi 600,000. Jumla shilingi 3,600,000. Katika lugha ya ofisi zetu, huo ndio uliokuwa ukomo wa bajeti.

Fundi alipima ua, akanitumia vipimo: mita 12 kwa mita 7, yaani mita za mraba 84. Nikafungua kompyuta. Nakiri kwamba nilifurahia. Msomi wa fedha za umma hapati mara nyingi nafasi ya kuwa Waziri, Bunge na Mlipaji Mkuu kwa wakati mmoja.

Vitofali vya kutandaza chini, ambavyo mafundi huviita pevingi, huingia 50 katika mita moja ya mraba kama ni vile vya kawaida vya mstatili. Mita 84 zinataka 4,200, na ukiongeza asilimia 5 kwa ajili ya vitakavyovunjika au kukatwa kingo, unapata 4,410. Kwa shilingi 450 kila kimoja, hiyo ni shilingi 1,984,500. Vilifyatuliwa Tanga, umbali wa takriban kilomita 40, kwa saruji ya kiwanda cha Pongwe kilichopo kando ya barabara hiyohiyo ya kuja kwetu. Mtu asiyezoea ujenzi husahau uzito. Kitofali kimoja kinakaribia kilo 3, kwa hiyo nilikuwa naagiza mzigo wa tani 12 hivi. Gari la Fuso liende mara mbili, shilingi 360,000. Ufundi wa kutandaza shilingi 6,000 kwa mita ya mraba, jumla 504,000. Mawe ya ukingo mita 26, shilingi 156,000. Vibarua wa kuchimba na kuondoa udongo wa juu, 144,000. Kifusi tripu mbili, 180,000. Mchanga tripu moja, 150,000. Kukodi mashine ya kushindilia siku mbili, 160,000. Na mwisho kabisa, katika mstari wa tisa, fundi alikuwa ameandika: mtaro wenye mfuniko na shimo la kunyonya maji, shilingi 620,000.

Jumla ilikuwa shilingi 4,258,500. Ukiweka asilimia 10 ya dharura, kama ninavyowahimiza wanafunzi wangu kila mwaka, inakaribia shilingi 4,700,000. Pengo la zaidi ya milioni moja.

Dharura ndiyo iliyoondoka kwanza, na iliondoka bila mjadala. Kisha nikaanza kutazama mistari mmoja baada ya mwingine nikitafuta ule usioweza kujitetea. Vitofali vinajitetea, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana. Usafiri unajitetea. Fundi anajitetea kwa mdomo wake. Mtaro hauna wa kuusemea. Hakuna anayepiga picha mtaro na kuituma katika kundi la familia. Nikauhamishia katika safu niliyoipa jina la Awamu ya Pili, jina ambalo watumishi wa umma wanaosoma hapa wanalifahamu vizuri, kwani ndiko miradi mingi ya nchi hii inakopumzika. Bado nilikuwa nimezidi ukomo kwa shilingi 38,500, nikapunguza siku moja ya mashine ya kushindilia. Hesabu ikawa shilingi 3,558,500, na ikabaki chenji ya shilingi 41,500. Nikatuma jedwali katika kundi, likapongezwa.

Watu wawili hawakulipongeza. Fundi alinitumia ujumbe wa sauti, kwa adabu: “Daktari, hapo kwenye mtaro pasije pakakuponza.” Nikamjibu kwamba tutauweka baadaye, awe tu makini na mteremko. Wa pili ni mama. Yeye hayumo katika kundi la WhatsApp, kwa hiyo nilimsomea bajeti kwa simu kama mtu anayesoma hotuba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Na maji utayapeleka wapi?”

“Fundi ataweka mteremko, mama.”

“Mteremko ni njia, mwanangu. Mimi nakuuliza yanafika wapi.”

Nilimwambia asijali.

Ngoja nitue hapa kidogo. Kiswahili kina tabia ya kuweka maarifa katika maneno ambayo tunayatamka bila kuyasikia. Chombo ambacho fundi hukilaza juu ya ukuta au sakafu ili ajue kama imelala sawa tunakiita pimamaji. Kabla ya rangi, kabla ya urembo, lugha yetu inataka ujenzi wowote uanze kwa kuuliza habari za maji. Bajeti nayo, katika nyaraka zetu, imegawanywa kwa mafungu: Wizara ya Afya ni Fungu 52, na kadhalika. Fungu ni neno la sokoni, ni zile nyanya tano zilizopangwa juu ya gunia. Mwenye kununua fungu moja anajua kwamba kuna mwingine atanunua la pili. Na neno baraza, ambalo tumelipa Mawaziri na Madiwani, asili yake kwetu ni kile kiti cha udongo au cha saruji mbele ya nyumba, mahali ambapo mpita njia huruhusiwa kukaa na kusikia kinachozungumzwa. Bajeti ya ua wa mama haikupita barazani. Ilipita katika kundi la watu watatu, wawili kati yao wakiwa mbali, na wenye michango mikubwa ndio tuliozungumza kwa sauti. Mdogo wetu, aliyeijua mvua ya Muheza kuliko sisi, alikuwa na 600,000 tu. Baadaye aliniambia kwamba alitaka kusema jambo kuhusu mtaro, akaona atawakera waliotoa milioni.

Na kulikuwa na jambo ambalo halikuwamo katika mstari wowote. Katikati ya ua ulikuwepo mchungwa ambao marehemu baba aliupanda. Muheza ni wilaya ya machungwa, na mchungwa mmoja uani si kitu cha ajabu. Fundi alisema mizizi itainua vitofali. Kuukata hakukuwa na gharama, kwa sababu mchoma mkaa mmoja alikubali kuukata bure ili achukue kuni. Kwa hiyo katika jedwali langu mchungwa ule ulikuwa na thamani ya sifuri: haukuongeza, haukupunguza. Sikuuliza ulikuwa unakunywa maji kiasi gani, wala nani alikuwa anakaa chini yake. Aliyekuwa anakaa chini yake, nilikuja kujua, ni mama na jirani.

Jirani huyo nimemwita shangazi tangu utotoni, ingawa hatuna nasaba. Nyumba yake iko upande wa chini, ukuta wake wa chumbani uko mita mbili tu kutoka mwisho wa ua wetu, na umejengwa kwa matofali mabichi yaliyopigwa lipu ya saruji juu.

Kazi ilifanyika Februari, jua likiwa kali. Ilichukua siku tisa. Picha zilipendeza kwa kweli. Mama alitembea na fremu yake kutoka mlango wa nyuma hadi chooni bila kushikwa, na mdogo wetu akarekodi video. Nimeitazama video ile mara nyingi. Kila mara namwona mama akifika mwisho, akigeuka, akicheka; na kila mara, nyuma yake, unaonekana ukuta wa shangazi.

Sasa fanya hesabu ambayo mimi sikuifanya. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hapa hapahitaji shahada. Ua wetu una mita za mraba 84, na upande wa paa unaomwagia uani una mita kama 60. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa masika ya mwambao wetu chini ya milima ya Usambara si jambo la kushangaza, inaleta lita 7,200. Hayo ni mapipa 36 ya lita 200. Zamani maji hayo yalisambaa, mengine yakazama, mengine yakanyonywa na mchungwa, mengine yakasimama na kufanya tope lililomwangusha mama. Mimi niliondoa udongo unaonyonya, nikaondoa mti, nikaweka sakafu ngumu, kisha nikailaza kwa mteremko mzuri wa sentimita moja na nusu kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba yetu. Vitofali vina nafasi kati yake, ni kweli, lakini mvua kubwa haisubiri kupenya katika nafasi za mchanga. Kwa maneno mengine, nilitengeneza mfereji wenye upana wa mita 12, na mdomo wake nikauelekeza kwa shangazi.

Masika ya mwaka 2024 mnayakumbuka. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko vilikuwa vimeua watu 155 nchini. Siku chache kabla ya hapo mdogo wetu alinipigia simu saa nane za usiku. Sikusikia vizuri kwa kelele za bati. Nilichokisikia ni neno moja, ukuta. Alikuwa amemtoa shangazi kwa mgongo, maji yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu ndani ya chumba. Godoro lililowa. Magunia mawili ya mahindi yaliyoegemezwa ukutani yalilowa. Ukuta wenyewe, sehemu ya chini, lipu ilikuwa imebanduka na tofali bichi limekuwa uji. Ufa ulipanda kutoka kona ya chini hadi karibu na dirisha. Haukuanguka. Sina maelezo ya kitaalamu kwa nini haukuanguka.

Nilifika Muheza Jumamosi yake. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, tangu Chalinze hadi Segera, na maneno yenyewe yalikuwa mazuri: mabadiliko ya tabianchi, mvua zisizo za kawaida, mipango miji. Nilimkuta shangazi amekaa kwenye kigoda nje, vitu vyake vimeanikwa juu ya kamba na juu ya michongoma.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Umekuja kuyaangalia maji yako?”

Yale maneno ya njiani hayakutoka tena.

Alinikaribisha ndani, akanionyesha bila hasira, jambo ambalo lilinichoma kuliko matusi. Nilimwambia nitalipa kila kitu. Akanitazama kwa muda. Akasema godoro halikumsumbua, magodoro yanauzwa. Kilichomsumbua ni kwamba siku zile tisa za Februari alikuwa anatoka nje kila asubuhi na kuona vitofali vinavyoshushwa, na kila asubuhi alikuwa anatarajia mtu aje amwambie, shangazi, tunafanya hivi, na maji tutayapeleka kule. “Mkakata na mchungwa,” akasema. “Nikasema basi, wasomi wamekuja na mpango wao.”

Ndugu msomaji, mimi nimeandika hapa, si mara moja wala mbili, kuhusu barabara za mitaa zinazojengwa bila mifereji, zikainuliwa kwa kifusi mpaka nyumba za watu zikawa mabondeni. Nimeandika kwa ukali. Nimewatuhumu waliozipanga kwamba hawajali, na pengine wapo wasiojali. Lakini mimi nilijali. Nilimpenda mama, sikumchukia shangazi, sikuiba hata shilingi moja, na hesabu zangu zingepita mbele ya mkaguzi yeyote, maana nilitumia kilichoidhinishwa kwa kazi iliyoidhinishwa. Jedwali langu lilikuwa safi, na ndilo lililoniponza. Nilidhani nimepunguza gharama ya shilingi 700,000, yaani mtaro pamoja na ile siku ya mashine. Gharama haikupungua hata senti. Niliihamisha tu kutoka katika fungu langu kwenda katika fungu la mtu ambaye hakuwa na mstari katika jedwali, wala mchango katika kundi, wala taarifa. Kuhamisha fungu bila idhini ni kosa ambalo kila mhasibu wa halmashauri analijua. Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015 ina masharti kuhusu mambo hayo. Haina sharti kuhusu shangazi.

Tunao, kwa zaidi ya miaka 20, utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaotaka mipango ianzie kwa wananchi wa kijiji na mtaa kabla ya kupanda wilayani. Huwa nauandikia maswali ya mtihani. Katika majibu, wanafunzi hueleza vizuri kwamba ushirikishwaji huongeza umiliki wa mradi na uendelevu wake, nami huwapa alama. Kuanzia sasa nitawauliza jambo dogo zaidi: katika mradi huu, maji yanakwenda kwa nani, na je, mtu huyo alikuwepo?

Kuna kejeli nyingine ambayo sikuiona mpaka niliposimama uani na kuona ndoo za mama zimepangwa mlangoni. Muheza ni mji wenye shida ya maji ya miaka mingi. Mama ananunua maji kwa dumu, shilingi 500 kwa lita 20 bomba likikatika, na hukatika. Februari ileile vitofali vyangu vilipokuwa njiani, mamlaka ya maji ya Tanga, ambayo inahudumia pia mji wetu, ilizindua hatifungani ya kijani ya miaka 10 ili kukusanya shilingi bilioni 53.12 za kupanua huduma. Niliifuatilia habari ile kwa shauku ya kitaaluma. Nikaiweka katika mhadhara. Wakati huohuo nilikuwa ninatumia milioni tatu na nusu kuyafukuza maji nyumbani kwa mtu anayenunua maji. Ukiacha maji ya sakafuni, ambayo ni machafu, yale ya bati peke yake katika mvua ya milimita 50 ni lita 3,000. Ni madumu 150, shilingi 75,000 kwa mvua moja.

Nilirudi Juni. Alhamisi ya tarehe 13 nilikuwa nimekaa na mama redio ikiwa imewashwa, Waziri wa Fedha akisoma bajeti ya mwaka 2024/25, shilingi trilioni 49.35. Mama alisinzia kabla ya kufika kwenye mapendekezo ya kodi. Katikati ya ua, mahali ambapo siku ya pili ya kushindilia ingepita, vitofali vilikuwa vimetitia na kufanya kisahani, na siku mbili kabla fremu ya mama ilikuwa imekwama hapo. Hakuanguka, mdogo wetu alikuwa karibu. Nilizima redio taratibu, nikaenda kumwita fundi.

Bajeti ya pili tuliifanya kwenye kibaraza cha kando ya jiko, Jumapili asubuhi. Alikuwepo mama, shangazi, mdogo wetu, fundi, na mimi mwenye daftari. Dada yetu alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa juu ya kikombe. Ilichukua saa tatu, na nusu ya muda huo haikuwa ya fedha. Shangazi hakutaka shimo la kunyonya maji liwe upande wake, akisema udongo wa pale hunyonya polepole na baada ya wiki mbili za mvua shimo litajaa na kutapika. Fundi akachimba kidogo kwa sululu, akamwaga ndoo ya maji, tukakaa tukiyatazama. Shangazi alikuwa sahihi. Mtaro ukapangwa kuzunguka upande wa juu wa choo na kwenda hadi mfereji wa mtaa, njia ambayo ni ndefu zaidi na ghali zaidi. Mama akataka maji ya bati yasiingie mtaroni kabla ya kukingwa. Mdogo wetu akataka mfuniko wa mtaro uwe wa kunyanyuka kwa mikono, ili autoe mchanga mwenyewe kila baada ya mvua, bila kusubiri fundi. Mimi nilichangia kujumlisha.

Mtaro sasa ulikuwa shilingi 710,000. Kuinua na kupanga upya vitofali mita 20 za mraba, pamoja na mashine, 160,000. Gata, tanki la lita 2,000 na jukwaa lake, 670,000. Kwa shangazi: godoro 180,000, mahindi 160,000, ukuta 240,000. Jumla shilingi 2,120,000. Hata ukiliondoa tanki, ambalo halikuwamo katika mpango wa kwanza, nilitumia shilingi 1,450,000 kurekebisha upungufu wa shilingi 700,000. Nimelipa kwa awamu tatu, na awamu hizi zilikuwa za kweli.

Shangazi alikataa fedha za mahindi. Alisema mahindi tutayalipa kwa njia nyingine, akanyoosha kidole kwenye mchoro wa tanki na kuuliza bomba litatazama wapi. Fundi akasema litatazama jikoni kwetu. “Yawe mawili,” akasema. Tukaongeza bomba la pili, upande wa uzio, na mdogo wetu akatoboa nafasi kwenye michongoma yenye upana wa ndoo.

Vuli ya mwaka huo ilikuwa hafifu. Tanki lilijaa nusu, likaisha, likajaa tena nusu. Mtaro haujapata bado mvua ya kuupima. Kila ninapoona wingu kubwa kwenye simu naandika katika kundi kuuliza hali, na jibu ni picha ya ua mkavu, mama amekaa kwenye kibaraza na shangazi, katikati yao sinia la mchicha, bila kivuli, kwa sababu mchungwa mpya waliopanda kwenye kona tuliyoacha bila vitofali haujafika hata magotini. Ufa wa ukuta umezibwa chini, juu bado. Fundi alisema tofali bichi lazima likauke kabisa ndani kabla ya kupigwa lipu, tungoje jua la Januari. Niliuandika mstari huo kwenye daftari, shilingi 85,000, na pembeni yake jina la mwenye ukuta.